Chekundu cha Dokta Vizibo

Saa kumi na moja alfajiri umeme bado haujarudi, na ndani ya jiko lenye giza unasikika mlio mdogo: ting, ting, ting. Ni vizibo vya soda, vinagongana ndani ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Wenzangu saa hizi wanachemsha mayai," anasema mwenye sufuria, akipunguza moto. "Mume wangu keshazoea. Zamani alikuwa ananiuliza, 'Mama watoto, leo tena tunakula vizibo?'"

Ni daktari wa kawaida, wa homa, mimba, masikio na mifupa iliyovunjika. Kwenye kituo cha afya anakofanya kazi wanamwita Dokta Vizibo. Vizibo vyenyewe ni vinne. Vitatu amevipaka rangi ya kucha nyeupe, na kimoja nyekundu. Anavichemsha kwa sababu watoto wa wagonjwa huvitia mdomoni.

Alfajiri hii anapaka chekundu kipya, simu yenye tochi ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Chekundu, anasema, ndicho kinachoisha kila mara.

"Watoto wakikishika hawataki kukiachia. Na mimi nawaachia. Mtoto ataumwa maisha yake yote, halafu nimnyang'anye kizibo?"

Kwa vizibo hivyo anawaeleza watu majibu ya vipimo vya vinasaba. Tangu maabara kuu ianze kupokea damu kutoka vituo vidogo, majibu yanarudi mikononi mwake, na wa kuyaeleza ni yeye. Mtaalamu wa fani hiyo aliye karibu zaidi yuko safari ya kutwa nzima kwa basi, na foleni yake ni ya miezi.

"Chuoni tulisoma njegere," anasema, akicheka kidogo. "Njegere za kijani, njegere za njano, mtihani, basi. Miaka kumi na minane natibu watu. Hajaja njegere hata mmoja."

Baadaye waliletewa semina ya nusu siku. Nusu ya hiyo nusu ilikuwa chai.

Chumba chake cha kazi kina meza, viti vitatu na kitanda cha kupimia ambacho mpira wake umechanika. Dirisha linatazama benchi la wagonjwa. Huona watu sabini kwa siku, wakati mwingine themanini, na anayekuja kuelezwa damu ya ukoo wake anapata dakika zilezile anazopata mwenye mafua.

Leo ana majibu ya mtoto wa miezi mitano. Yalifika jana.

"Nimeyasoma mara tatu, nikasema labda macho yangu. Si macho."

Familia inapoingia, inakubali mwandishi akae pembeni mradi majina yasitajwe. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma, mama ni mshonaji, na mtoto yuko mgongoni kwa mama. Nyuma yao anakuja binti yao wa miaka saba, mwembamba, weupe wa macho yake una umanjano. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto huupata kwa wazazi wote wawili, na ambao maumivu yake ya mifupa yameshamlaza wodini mara mbili mwaka huu.

Wameingia wakicheka.

"Dokta, mchumba wako huyo tumekuletea," anasema baba. "Mkague vizuri, asije akarudishwa dukani."

"Ananyonya mpaka mimi naona kizunguzungu," anadakia mama.

Dokta anawaomba wakae. Anaanza kwa mbali, anauliza wamejiandaaje kwa majibu, iwapo nyumbani wana mtu wa kuwasaidia. Baba anamkatiza kwa upole.

"Dokta, sisi hatuna wasiwasi. Umetuita, tumekuja. Lakini zamu yetu ilishapita."

"Zamu ipi?"

"Si ulituonyesha mwenyewe? Kati ya wanne, mmoja mgonjwa. Wetu huyu hapa." Anamshika binti yake bega. "Mama yangu alikataa katakata, akasema msizae tena. Nikamwambia, mama, Dokta katuonyesha kwa macho yetu. Chekundu alipewa mjukuu wako, mezani vikabaki vyeupe vitupu. Akanyamaza. Ndipo tukampata huyu."

Binti, akisikia anatajwa, anaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni na kutoa kizibo. Rangi imebanduka ukingoni, lakini bado ni chekundu.

Dokta anakitazama kile kizibo. Nje, mtu benchini anakohoa, na kikohozi kinasikika hadi ndani.

"Nilitakiwa kukirudisha," anasema.

Anachukua kikombe chake cha chai, anakifuta ndani kwa ncha ya shuka la kitanda, anatia vizibo vyote vinne vya asubuhi na kuvitikisa.

"Kila mimba ni hivi. Vyote vinne vimo. Unachukua kimoja bila kutazama, halafu unakirudisha. Mimba inayofuata, tena vimo vinne. Chekundu hakiondoki. Hata kama kimeshatoka, kinaweza kutoka tena."

Mama anaelewa kwanza. Mkono wake unakwenda nyuma, kwenye mgongo wa mtoto.

"Kwa hiyo na huyu..."

"Na huyu, mama. Anao. Nisamehe."

Baba hapandishi sauti. Anaigeuza kofia yake mikononi kama anayetafuta mahali ilipochanika.

"Ungesema hivyo siku ile, Dokta. Maneno hayahaya. Wala si mengi."

"Si mengi," anakubali Dokta.

"Mimi niliogopa," anasema mama. Hamtazami mtu. "Niliogopa sana kuzaa tena. Wewe ndiye uliyenitoa woga."

Dokta anaandika dawa za kumkinga mtoto na maambukizi, anaeleza dalili za hatari, anarudia, anawaomba wao nao wamrudishie alichosema. Hilo la mwisho hakuwahi kulifanya. Kisha anamwita muuguzi ampeleke mtoto kwenye mizani, chumba cha pili.

"Sista, vile vyekundu tumeshagawa vingapi?"

"Ah, Dokta! Nani anahesabu?" Muuguzi anacheka. "Miaka yote hii, kila mtoto anaondoka na chake. Mtaa mzima ni..." Anaziona nyuso zilizo mbele yake, na cheko linamkatikia mdomoni.

Familia ikiwa kwenye mizani, Dokta anabaki amesimama dirishani.

"Kila niliyempa chekundu, nimewaachia wazazi wake vyeupe kichwani," anasema. "Wamelala navyo, wamepanga navyo. Sasa hivi kuna mtu ana mimba na ana amani, na hiyo amani nimempa mimi. Simjui ni nani. Nilikuwa nawaonea huruma watoto, basi."

Anasema vizibo sasa vitakaa ndani ya mfuko wa kitambaa na havitatoka chumbani. Siku yake ya mapumziko, yeye na Sista watazunguka nyumba wanazozikumbuka.

"Nitabisha hodi, nikaribishwe, niulizwe kulikoni. Sijui nitaanzia wapi. Na hao nisiowakumbuka?"

Maombi ya kuletewa mtaalamu, hata siku moja kwa mwezi, ameshapeleka mara mbili. Hajajibiwa. Atapeleka tena. Anaulizwa kama ana matumaini.

"Nina matumaini kwamba kesho nitaeleza vizuri zaidi ya jana. Kwa huyu mtoto, hiyo kesho imechelewa."

Familia inarudi kuchukua dawa. Mtoto ameamka, anavuta kamba ya kitambulisho cha Dokta, anataka kuila. Mama anamfungua vidole kimoja kimoja. Baba tayari yuko mlangoni, amevaa kofia.

Binti yao hajaondoka mezani. Anakitazama kizibo chake kilichobanduka rangi, anamtazama mdogo wake, kisha anachungulia ndani ya kikombe, ambamo kimo chekundu kipya cha leo.

"Na mdogo wangu mpe chake," anasema.