Salamu Katikati ya Risasi

Watu wengi huzicheka filamu za miaka ya themanini. Gari linabiringika mara sita, stelingi anatoka ndani yake akiwa amevaa suti nyeupe isiyo na hata doa, na nywele zake bado zimefunika masikio vilevile. Mimi sizicheki. Moja ya filamu hizo iliniumbua mchana kweupe, mbele ya watu niliowapenda, na mpaka leo naishukuru.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nilikuwa nauza nguo za mitumba kwenye duka moja la Jules Street, kule Malvern, Johannesburg, na usiku nalala sakafuni humohumo, katikati ya marobota. Nikasikia kuna mama fundi cherehani huko Bertrams, karibu na uwanja, ana chumba cha kupangisha. Mama huyo alikuwa mtu wa Uvira, na sharti lake lilikuwa moja tu: chumba anampa Mkongo mwenzake. Mpangaji wa mwisho aliyemkaribisha kutoka kwingine alihama alfajiri na cherehani ya huyo mama.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Kigoma. Lakini Kiswahili cha Wakongo nilikijua tangu utotoni, kwa akina mama waliokuwa wakivuka ziwa na mawese yao kuja sokoni kwetu. Nikamwambia natoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Akaniuliza habari za wazazi, na hapo mdomo ukanitangulia. Nikasema baba simjui, na mama alikufa kwenye vita.

Mama yangu alikuwa mzima wa afya, yuko Kigoma anauza mihogo.

Uongo wa Kalemie ulinipatia chumba. Ule wa pili sikuuhitaji kabisa, na ndio uliokuja kunitesa. Wiki iliyofuata mama mwenye nyumba aliwaita wanawake watano wa kanisani kwake. Walikuja na sufuria za chakula, wakakaa sebuleni jioni mbili mfululizo, wakaimba na kumlilia mama yangu, maana alisema haiwezekani mtoto akose hata mtu wa kulia naye. Niliketi katikati yao kichwa chini. Nililia kweli, kwa aibu, nao wakazidisha kuimba.

Tangu siku hiyo akanishika kama mwanawe. Nikichelewa, nakuta sahani yangu imefunikwa kwa sahani nyingine. Wiki zile wageni kutoka nchi nyingine walipokuwa wakisakwa na kupigwa mitaani, alinikataza kutoka, akautia ufunguo wa geti kifuani na kushona huku akinitazama. Mama yangu mzazi nilimpigia simu nikiwa dukani tu, nyuma ya marobota, kwa sauti ya chini kama mtu mwenye mchepuko. Akiniuliza naishi na nani, nasema niko peke yangu. Yaani nilikuwa na mama wawili na kila mmoja nilikuwa namficha mwenzake. Zaidi ya mwaka mzima nikaishi hivyo, na nilijua siku mama wa Bertrams atakapogundua, nitafungasha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mechi. Siku za mechi mtaa wetu ulijaa magari mpaka mlangoni, wateja hawapiti, kwa hiyo mama alifunika cherehani na kuchukua kazi ya pindo ya kushona kwa mkono. Nyumbani tulikuwa wanne: yeye, mimi, dada msusi kutoka Bukavu aliyepanga chumba cha mbele, na Mrundi mmoja aliyekuja kumtembelea, mlinzi wa majengo huko Braamfontein. Mimi nilikuwa nimeokota DVD ndani ya mfuko wa koti kuukuu dukani. Tukaiweka.

Ilikuwa habari ya polisi aliyetumwa kujiunga na genge la wahalifu. Anajifanya mwizi, anabadili jina, anaingia nyumbani kwa mzee mkubwa wa genge, na mzee anampenda hadi anamkalisha mezani pamoja na wanawe. Ningekuwa na akili ningeitoa hapohapo.

"Banasema nini?" dada msusi akauliza. Kiingereza chake kilikuwa cha saluni, na hawa wa kwenye filamu walikuwa wanaongea haraka kama wanafukuzwa.

Sasa lazima niseme jambo nililokuwa sijamwambia mtu yeyote pale. Huko Kigoma, kabla ya kusafiri, kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Unakaa pembeni ya televisheni na maiki, filamu inakwenda, na wewe unawasemea wote kwa Kiswahili: stelingi, adui, mwanamke anayelia, hata mbwa. Na kila mtafsiri ana desturi yake. Risasi zinapopamba moto, hakuna maneno ya kutafsiri, basi hapo ndipo unajitangaza. Unataja mtaa wako, unawasalimu mafundi baiskeli, unamtania mwenye kibanda. Mimi nilikuwa na salamu yangu moja ambayo watu walikuwa wakiisubiri, na wengine waliisema pamoja nami.

Nikaanza kutafsiri. Kwanza polepole, kwa Kiswahili changu cha Wakongo, cha kuazima. Lakini hadhira ilikuwa tamu. Mrundi alikuwa akipiga makofi, dada msusi ameacha simu yake, mama mwenye nyumba anacheka hadi sindano inamchoma. Nikasimama. Sauti ikapanda. Genge likafika bandarini, bunduki zikaanza kulia, pipa likalipuka, na mimi nikajisahau kabisa. Nikafumba macho, nikashika rimoti kama maiki:

"Ni mimi mtafsiri wako, nakujia moja kwa moja kutoka Mwanga, Kigoma! Salamu kwa mama yangu mzazi: mama, usifunge mlango, songa ugali, nikimaliza kuua hawa nakuja kula!"

Nilipofumbua macho, hakuna aliyecheka.

"Kigoma?" dada msusi akasema.

Mrundi akaangalia dari. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika sindano hewani. Alinitazama, na macho yake hayakuuliza habari ya Kigoma. Niliona wazi kilichomfikia ni lile neno lingine, mama.

"Endelea," akasema. "Picha haijaisha."

Nikaketi. Ile nusu saa iliyobaki ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Maana kwenye filamu nako, mzee wa genge alikuwa ameshagundua. Alimpeleka yule polisi kwenye gereji, akafunga mlango, wakabaki wawili. Akasema maneno machache. Chumba kizima kikawa kinanisubiri mimi.

Nakiri nilifikiri kuyageuza. Ni nani angejua? Mtafsiri ndiye bwana wa maneno pale. Nilishawahi kuwaozesha watu ambao filamu iliwatenganisha, kwa kuwa wateja walikuwa na huzuni siku hiyo. Ningesema mzee amecheka, mzee amesamehe. Lakini nilichoka. Nilikuwa nimechoka kudanganya hadi mifupa.

"Anasema," nikatafsiri, "nilikupa kiti mezani kwangu. Ungeniambia jina lako, ningekupa kiti hichohicho."

Mama aliinamisha uso, akaendelea kushona pindo. Filamu ikaisha. Mzee aliuawa na watu wake mwenyewe, na polisi akavishwa medali.

"Eish," Mrundi akasema, "medali ya kudanganya mzee wa watu?"

Dada msusi akamvuta mkono, wakatoka nje wote wawili kwenda kutazama magari ya mechi. Tukabaki mimi na mama.

"Mama yako iko muzima?"

"Yuko mzima, mama."

"Ile siku zote mbili, nilikuwa nalilia mutu muzima?"

Nikamweleza yote, sakafu ya Malvern, sharti lake, Kalemie, na namna mdomo ulivyonitangulia. Nikamwambia nitatoka kabla giza halijaingia. Nikainuka kwenda kukusanya vitu vyangu.

"Kaa," akasema. Alikuwa na hasira, na hasira ya mama yule haikupanda sauti, ilishuka. "Ya Kigoma, hiyo ni ya njaa, ninaielewa. Batu wengi balisema uongo ili bapate kulala ndani. Lakini kumuzika mama yako kwa mudomo! Na miye kuniletea msiba mu nyumba! Mupigie simu."

"Nimwambie nini?"

"Weye hauna la kusema. Miye ndiye nitasema."

Nikapiga. Mama yangu akapokea na kelele za sokoni nyuma yake, na mwenye nyumba akaninyang'anya simu, akaiweka sauti ya juu.

"Jambo, mama. Ni miye mama yake ya huku Johannesburg. Huyu mtoto yako alituambia ulikufa. Tulikulilia siku mbili."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mlinililia?" mama yangu akauliza. "Wangapi?"

"Wanawake sita, pamoja na miye."

"Na hamnijui?"

"Hatukujui, mama."

Mama yangu akaanza kulia. Nilidhani ni kwa ajili ya kosa langu, na lile kosa alikuja kulishughulikia baadaye, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini alichosema wakati ule ni hiki: "Kila siku ananiambia yuko peke yake huko. Kila siku nalala na hilo. Kumbe ana nyumba yenye wanawake wa kumlilia mama yake!"

Waliongea hadi salio likaisha. Hawakuongea nami hata neno moja.

Mwenye nyumba hakunitoa chumbani. Adhabu yangu aliitoa asubuhi yake: nisimame mwenyewe mbele ya wale wanawake watano baada ya ibada, niwaambie. Sijawahi kuogopa kitu namna hiyo. Nilisimama kwenye ua wa kanisa, chini ya jua, nikasema mimi si wa Kalemie, na mama yangu hajafa. Mkubwa wao akawageukia wenzake akasema kama tuliimba kwa aliyekufa, aliye hai je? Akanidai simu.

Nikampigia mama Kigoma, nikainyoosha simu mbele yao. Waliimba wimbo wa shukrani, ubeti baada ya ubeti, wakipiga makofi, mama yangu wa Bertrams akiwa mbele ya wote na sauti yake ile ya chini. Mimi nimeshika simu kwa mikono miwili, machozi yananitoka, na safari hii sikuwa na sababu ya kuyaficha.

Walipomaliza nikaiweka simu sikioni.

"Mama?"

"Waambie warudie," akasema.