Kibanda cha Kufanya Chochote

Bosi wangu alikuwa msanifu majengo asiyependa ukuta ukae mahali pamoja. Mwaka huo tuliwatengenezea watu wa mtaa wa Kaptembwo kibanda cha muda: fremu za chuma zenye mabati na bawaba, unazikunjua zinakuwa benchi, meza, paa, chochote. Chochote! Neno hilo alilisema mpaka nikaliota.

Ili umma upate mahali pa kujumuika, tulianza kwa kuufukuza umma. Kwenye kona tuliyokichagulia alikuwako mama mmoja, mathe wa mtaa mzima, aliyepika chapati miaka yote, na ndizo zilizolisha nyumba yake. Bosi akamwambia asogee kidogo. Hiyo kidogo ilikuwa nyuma ya choo cha stegi ya matatu, na huko nani atakula chapati?

Siku ya uzinduzi watu walisimama mbali wamekunja mikono.

"Boss, hii ploti imenyakuliwa na nani?" mzee mmoja akaniuliza.

"Hakuna aliyenyakua. Ni yenu, fanyeni chochote."

"Haya. Tutaona hati ikitoka kwa jina la nani."

Wiki haikuisha, mathe akarudi. Akakunjua bati moja likawa meza, jingine likawa paa, jiko akaliweka mahali upepo haufiki. Wateja wakajaa kwenye benchi, wakabishana siasa na mpira mpaka jioni. Nilifurahi kama mjinga. Si ndicho tulichochora?

Bosi alipoleta wageni wake wenye kamera, karibu azimie. "Wameiharibu! Mafuta kwenye kazi yangu!" Akamwamuru mathe atoke, kisha akanivuta kando: kila kitu kirudi kilivyokuwa kwenye michoro, na bawaba zote zichomelewe. Yaani kitu cha kugeuzwa kichomelewe, kisije kikageuzwa vibaya. Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Wapi! Akaondoka na wageni kwenda kula samaki Naivasha, akaniachia fundi wa kuchomelea.

Mathe alikuwa ameanza kumwaga makaa, hataki hata kuniangalia. Hasira ilinipanda.

"Mathe, rudisha jiko pale lilipokuwa," nikamwambia. "Na hii meza, iko sawa ama iko juu?"

Akanikazia macho, akidhani namchezea. Kisha akasimama mbele ya meza, akaweka viganja juu yake kama anayesukuma chapati.

"Ishushe kidogo."

Fundi akaishusha, akavaa miwani yake, akachomelea.