Cherehani ya Elfu Themanini

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, sikio nusura liguse chuma. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu la cherehani polepole. Wa kushoto umeshika mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye mafuta ya taa.

"Hapa," anasema, kama daktari aliyegusa jino bovu. "Umesikia? Inakwama kidogo, halafu inasamehe."

Wateja wanamwita Fundi Sindano. Ana miaka thelathini na minne na binti mmoja wa miaka sita. Kazi yake ni kununua cherehani zilizokufa, kuzifufua, kisha kuziuza kwenye mnada wa mtandaoni.

Chumba chake cha kazi kina upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano. Mikanda ya mpira imening'inia kwenye misumari, kubwa kwa ndogo. Vikopo vya maziwa vimejaa skrubu zilizopangwa kwa unene wake. Kwenye kona kuna godoro dogo lenye shuka la maua: binti akitoka shule hulala hapo mpaka mama afunge mlango.

Hakuanza na bisibisi. Alianza na pasi. Alikuwa mpiga pasi kwenye karakana ya kushona sare, na kila mashine ilipogoma, fundi aliitwa kutoka nje.

"Alikuwa anakuja, anafungua skrubu mbili, anapuliza vumbi, analipwa kuliko mshahara wangu wa wiki," anasema akicheka. "Nikajiambia, kupuliza hata mimi najua. Kumbe kuna pa kupuliza na pa kutopuliza. Hilo lilinichukua miaka mitatu."

Leo ananunua mashine mbovu kwa elfu thelathini hadi hamsini. Akishaitengeneza huiuza kwa laki moja na nusu au mbili. Mwezi mzuri huuza tatu. Mwezi mbaya, anasema, "namuuliza mama kama bado ana hamu ya uji."

Kinachowavuta wanunuzi kwake ni vipande viwili vya kitambaa cheupe. Mashine ikiingia tu, kabla hajaifungua, huitumia kushona kipande cha kwanza, uzi mweusi juu na mwekundu chini, ili aone ugonjwa wenyewe. Akimaliza kazi hushona cha pili. Cha kwanza anakiita cheti cha ugonjwa, na hukipiga picha kwa kumbukumbu zake tu. Cha pili ni cheti cha afya, nacho hukipiga picha mbele na nyuma na kukiweka mnadani. Mshonaji anayejua kazi haangalii rangi ya mashine. Anaangalia mshono.

Miezi minne iliyopita alipata mashine nzito, ya kushona ngozi na turubai. Mashine za namna hiyo haziji kila mwezi. Aliinunua kwa elfu hamsini, vipuri vikala elfu tisini na tano, na kwa wiki tatu hakugusa kazi nyingine. Alitarajia isishuke chini ya laki tatu. Nazo alikuwa amekwisha kuzipa kazi: kodi ya chumba ya miezi mitatu, laki mbili na arobaini, ilitakiwa Ijumaa baada ya mnada kufungwa. Mwenye nyumba alikuwa amesema wazi kwamba kuna mtu mwingine anakitaka chumba.

Siku ya kuiweka mnadani, mtoto aliamka na homa. Fundi Sindano alipakia picha akiwa kwenye foleni ya zahanati, mkono mmoja umembeba binti, kidole gumba cha mkono wa pili kikichagua picha. Alichagua saba. Ya saba ikawa cheti cha ugonjwa.

"Nyuzi zimejikunja kama nywele zilizoamka vibaya," anasema. "Na juu yake nimeandika kwa mbwembwe, imetengenezwa kila kitu, tazama mshono mwenyewe!"

Waliutazama. Mmoja aliandika: "Fundi, hii inashona au inafuma nyavu?" Mwingine: "Mimi nipeni meza yake tu."

Aligundua kesho yake. Lakini kanuni ya jukwaa lile ni kwamba mtu wa kwanza akishataja bei, picha hazibadilishwi. Angeweza kuufuta mnada wakati ule. Hakufuta. Alitumaini kwamba maelezo yatatosha, akaandika kuwa picha imekosewa. Hakuna aliyemwamini. Kila muuzaji husema picha imekosewa.

Jumapili saa sita mchana mnada ulifungwa. Elfu themanini.

Skrini ilimpa vitufe viwili, Thibitisha na Ghairi, na saa arobaini na nane za kuchagua. Anayeghairi hutakiwa kutaja sababu: kifaa kimeharibika, kimeibwa, au kimeuzwa kwingine.

"Nikasoma zote mara mbili," anasema. "Hakukuwa na sababu iliyoandikwa, bei imeniuma."

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa fundi majokofu wa mlango wa pili, mtu wa masihara aliyekuwa akifanyia kazi zake nje, juani.

"Sema imeanguka," alimwambia.

"Imeanguka kutoka wapi, kaka? Si unaiona iko chini?"

"Basi sema ukuta umeiangukia. Dada yangu, biashara ni biashara. Huyo mnunuzi ungekosea kwa faida yako, angekuonea huruma?"

Nyumbani, mama yake alimsubiri amalize kumpa mtoto dawa, ndipo akaanza.

"Mwanangu, uongo mdogo kama huo hata malaika wanauandika kwa penseli."

"Mama!"

"Nakwambia. Una mtoto mgonjwa, chumba kinataka kodi. Ubonyeze kile kingine, ulale."

"Nikishabonyeza, mama, wale wengine wote waliotaja bei watafikiri nini? Kwamba bei ninayoisikia ni ile ninayoitaka tu?"

"Watafikiri una akili."

Hakulala vizuri, anakiri. Kilichomkaa moyoni kilikuwa cha miaka miwili nyuma, alipokuwa yeye mnunuzi. Alishinda mnada wa mashine ya ovaloki, ya kuziba kingo za nguo, kwa bei ya kuokota, akampigia simu dada yake kwa furaha, akatafuta hadi mkokoteni wa kuibebea. Muuzaji akaandika kwamba imeibwa. Wiki iliyofuata akaiona tena mnadani, mkwaruzo uleule ubavuni, pazia lilelile nyuma.

"Mwizi gani anaiba, anarudisha, halafu anapiga picha palepale?" anauliza. "Siku ile sikuumia kwa sababu ya pesa. Niliona haya. Nilijiona mjinga aliyedhani neno la mtu ni neno. Sasa mimi nimfanye mwenzangu ajione hivyo? Na picha niliiweka mwenyewe, kwa kidole changu hiki?"

Jumatatu saa nne asubuhi alibonyeza Thibitisha. Kisha akafagia chumba kizima, mpaka chini ya godoro.

Mnunuzi alikuja Jumanne, mwanamke wa makamo anayeshonea watu viti na makochi. Alikuja na mkokoteni na uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Nimekuja nikijua utaniambia haipo," alisema mlangoni.

"Ipo. Kaa uijaribu."

"Ya nini kujaribu? Naitaka kwa vipuri tu. Nyumbani ninayo kama hii, imevunjika meno."

"Jaribu, mama. Haikudai kitu."

Akakaa. Akakunja ngozi mara nne, akaiingiza, akakanyaga. Mashine ikaipita. Akaigeuza, akatazama uzi wa chini. Akakunja mara sita. Ikapita.

"Hii si ya vipuri," alisema mwishowe.

"Siyo."

"Ulijua?"

"Nimeitengeneza mimi, nikose kujua?"

Yule mama aliichomoa ngozi, akaikunjua. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mimi sina cha kuongeza. Elfu themanini ndiyo niliyonayo."

"Sijakuomba uongeze."

"Mh! Basi nishikie huku, tuipakie kabla hujabadilisha mawazo."

Waliipakia pamoja. Yule mama hakurudi baadaye na bahasha wala na zawadi, na Fundi Sindano anasema hakumsubiri. Hasara ilikuwa elfu sitini na tano, mbali na wiki tatu za mgongo wake. Kwenye kundi la wauzaji wenzake kuna waliomwandikia kwamba anawaharibia soko: wanunuzi wakizoea hivyo, nani atabaki na pumzi? Aliwajibu kwa mstari mmoja: "Tusiite mnada basi, tuite bei yangu."

Kodi ilibaki palepale. Ijumaa alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba na kiasi alichokuwa nacho, kodi ya mwezi mmoja, akamwomba chumba kigawanywe. Ndiyo maana leo, upande wa pili wa pazia la turubai, kuna majokofu matatu na mtungi wa gesi. Fundi majokofu analipa nusu.

"Alinishauri niseme ukuta umeanguka," anasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Sasa amekuwa yeye ukuta."

"Na ukuta unasikia!" anajibiwa kutoka nyuma ya turubai.

Ili kuziba pengo, alirudi kwenye ile karakana ya sare alikokuwa akipiga pasi, akaomba kazi ya kuhudumia mashine zao kumi na moja kila Jumamosi. Walimpa. Binti huenda naye, na kazi yake ni kuhesabu skrubu na kumwambia mama ipi imekimbilia chini ya meza.

Amebadilisha mambo mawili tu. Picha hupakia akiwa ameketi, mtoto akiwa mzima. Na sasa analipia ada ya kutangaza bei asiyoshuka chini yake, ingawa watu wengi hupita mnada wa namna hiyo bila kusimama.

Mashine iliyo sakafuni asubuhi hii ni nyingine ya ngozi, ya kwanza tangu ile. Inaingia mnadani wiki ijayo. Akiiuza vizuri anataka kulipa kodi ya miezi sita, kisha awachukue wapiga pasi wawili wa pale karakana awafundishe kazi, jioni, bila malipo.

Mama yake, aliyekuja kumletea mtoto sweta, amesimama mlangoni akisikiliza.

"Na watu wakiikwepa, ikabidi uiweke bila hiyo bei yako ya chini, ikashuka tena?" anauliza.

Fundi Sindano haachi kuzungusha gurudumu.

"Ikishuka tena nitalia, mama," anasema. "Nikimaliza kulia nitaifunga kamba, nimpelekee aliyeshinda."