Buku Yangu, Mwisho wa Tanti

Leo mutoto wangu amenikataza kumusomea buku yangu mwenyewe.

Ile ya ngome ya zamani, ya wafalme na wapiganaji wa farasi. Naisoma na kurudilia tangu utoto.
Volkano ilipolipuka nilikimbia nayo.
Vita ilipotukimbiza, kurasa za mwisho ziliwasha makala ya kupikia kambini.

Mwisho naujua kwa kichwa: ngome inaungua, binti mufalme anahama, basi.

"Mama, acha. Tanti anasoma muzuri."

Tanti, mama yake mudogo, ni mudogo wangu. Ule mwisho hakuwahi kuusoma, kwa hiyo anautunga: watu wanarudi, wanajenga juu ya mawe meusi, kama sisi huku mutaa wa Majengo juu ya mawe ya volkano.

Wivu ikanishika. Nikasimama nyuma ya mulango, tayari kumunyanganya buku.
Semeni ukweli, nyinyi mungenyamaza?

Alipomaliza, ni mimi niliomba arudilie.