Alidhani Naigiza

Nilipokuwa kidato cha tano nilimpenda kijana wa darasani kwetu ambaye mama yake alikuwa na duka la vitambaa pale Dunda, mjini. Kwao ni Waarabu, watu wa biashara tangu enzi za mababu. Kwetu ni Mlingotini, wavuvi na wakulima wa mihogo, na mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu mjini ili niwe karibu na shule. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba hata mwanzoni sikuwa na matumaini makubwa.

Kilichotukutanisha ni katuni za Kijapani. Binamu yake aliyeko Maskati alimtumia kwenye simu hadithi ndefu ya picha, ya msichana na mvulana wa sekondari wanaopendana bila kuambiana. Huyu akisema hivi, yule anaelewa vile. Siku wakikaribia kuelewana, mvua inanyesha au rafiki anatokea, wanaanza upya. Ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha yule kijana kilikuwa cha kuombea maji. Mimi nilikimudu. Basi tukitoka shule nikawa napita dukani, tunakaa kwenye benchi mama yake akituona, namtafsiria. Picha zile husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi nilipotea kila mara. Yeye hakupata tabu.

"Si kama msahafu tu," aliniambia.

Mama yake alianza kusikiliza huku akijifanya anakunja kanga. Baada ya muda yeye ndiye akawa ananisubiri. Nikimwamkia, marahaba inatoka nusu, nusu nyingine ni swali: yule mtoto wa kike amesema au bado?

"Bado, mama."

"Basi atakufa nalo moyoni, huyo." Halafu ananipa kashata.

Tukazoea kugawana maneno. Nikishatafsiri ukurasa, kijana anasema ya mvulana, mimi nasema ya msichana. Wanawake waliokuja kununua vitenge walisimama wakacheka. Darasani wakaanza kusema kwamba sisi ni wapenzi. Sikukanusha. Nilipenda kuyasikia.

Alasiri moja mama yake aliingia ndani kuswali. Yule kijana akaiweka simu kifudifudi kwenye benchi, akasema bila kuniangalia:

"Kuna neno nataka kulisema siku nyingi. Naogopa nikilisema tutashindwa hata kusalimiana."

Maneno hayo hayakuwamo kwenye ukurasa. Nilijua, kwa sababu ukurasa niliutafsiri mimi. Nikashika ukingo wa benchi.

"Sema," nikamjibu. "Maana na mimi ninalo, na ni hilohilo. Pikipiki ikisimama karibu na kwa shangazi natoka nje, nadhani ni wewe. Hata kama huna la kuniambia, nataka uwepo tu."

Akageuka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

"Umeipatia," alisema. "Sasa unadhani na yeye atanijibu hivyo?"

"Yeye nani?"

Alikuwa anamsema msichana wa Msata, wa bwenini, aliyekaa dawati la mbele yangu. Alikuwa anajifunza namna ya kumwambia, na akaona mimi ndiye wa kujifunzia. Mama yake alitoka na msala mkononi akauliza tumefika wapi. Kijana akasema tumefika pazuri. Mimi ningesema nini, wakati niliyokuwa nayo yote nilikwisha kuyasema?

Msichana wa Msata alimkataa. Kijana akaamini ni kwa sababu ya yale maneno ya darasani, akanifuata.

"Wewe ni kama dada yangu. Nenda kamwambie hakuna kitu kati yetu."

Nilikwenda. Nilimkuta nyuma ya bweni anafua sare, nikamwambia nilivyotumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua hakuna kitu," alisema. "Wewe unampenda, yeye hajui. Macho ninayo. Lakini sikumkataa kwa ajili yako. Simpendi tu. Mwambie hivyo, asihangaike."

Nikarudi dukani kufikisha jibu. Nilifikiri akiniangalia vizuri ataona. Kwenye zile picha angeona, uso wangu ungechorwa mkubwa ukajaza ukurasa mzima.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Ulichonituma."

"Ungemwambia vizuri angekubali."

Akachukua jora la kitambaa akaanza kulikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. Nilikaa kidogo nikaondoka, na tangu siku ile nikawa napita mtaa wa pili.

Miaka imepita. Mimi nafundisha shule ya msingi kwetu Mlingotini, sijaolewa. Yeye alioa binti wa Tanga aliyetafutiwa na wazee. Shangazi alialikwa, nikaenda naye harusini, nikasaidia kupakua pilau. Bwana harusi alinivuta mpaka kwa mkewe.

"Huyu ndiye dada yangu tuliyesoma naye," alisema.

Mkewe alinikumbatia akaomba namba yangu. Ni mwanamke mwema, na kila akipata nafasi ananitumia ujumbe wa sauti. Juzi alinitumia mchana, nikiwa nachambua mchicha.

"Dada, niambie wewe unayemjua," alisema, na sauti ilionyesha alikuwa amelia. "Huyu mtu aliwahi kupendwa kweli? Maana ukimwonyesha mapenzi haoni. Naongea naye kama naongea na ukuta."

Niliusikiliza ule ujumbe, nikaurudia. Nikamwandikia kwamba sijui, nadhani wanaume wengine ndivyo walivyo, avute subira.

Akanishukuru. Akauliza kama huku kwetu samaki wamepatikana leo.