Miguu ya Kaswera

Jirani yangu Kaswera ana ulimi mkali, na sitamwombea radhi. Alipokuwa mtoto, katika kijiji karibu na Butembo ambako chanjo ilikuwa haijafika, polio ilimlaza. Homa ilipona, miguu haikupona. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuirudisha miguu. Una kinga tu, na kinga hutolewa mapema.

Leo anaishi Ndosho, mtaa wa Goma. Asubuhi huvuka mpaka wa Rwanda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, akiizungusha kwa mikono, na kurudi na magunia ya unga. Goma tumezoea kuwaona walemavu wakifanya kazi hiyo: baiskeli zao hubeba mzigo mkubwa, na mpakani huwa wanapishwa. Wapo wajinga wanaowaonea wivu.

Mwanawe Kambere, aliyekuzwa na unga huo, ni mmoja wao. Juzi wachanjaji walipopita na sanduku lao la barafu, alisimama mlangoni, amembeba bintiye Charline.

“Siye hatutaki,” akasema. “Mama alipata polio, na muone, amejenga nyumba. Ile miguu ndiyo ilitulisha.”

Kaswera alikuwa ameshaingia uani na mzigo wake. Alisikia yote. Hasira ilimpanda, nami nikafurahi, maana kijana huyo nilikuwa nimemchoka.

“Kambere, mupe jirani mutoto,” akasema. Nikampokea. “Sasa kaa chini. Enda mpaka ku choo na mikono. Miguu iache ikufuate.”

Kambere alicheka. Mama yake hakucheka, kwa hiyo akakaa, akaanza kujikokota. Ua wetu ni mawe ya volkano matupu, makali kama chupa iliyovunjika. Hakufika hata katikati. Kiganja kilichanika, akaruka akasimama, akikipuliza.

“Weye umeumia, umesimama,” Kaswera akamwambia. “Miye niliumia, nikaendelea, sababu hakukuwa namna ingine. Na ni mikono hii ilikulisha. Miguu haijakupa kitu.”

Mchanjaji mmoja alitoa kichupa cha chanjo. Kambere alifuta damu kwenye suruali, akamchukua mtoto kwangu, akamfungua mdomo yeye mwenyewe. Matone mawili yakaingia. Charline akakunja uso kwa ile ladha, akampiga baba yake teke la tumbo.