Mpima Joto na Bomba la Mvuke

Mpima joto wa kiwanda cha kutia vitambaa rangi, hapa mjini Itagüí, haviamini vyombo vyake mpaka kiganja kikubali. Hukisogeza karibu na kila bomba la mvuke, akanong'ona kama anayebembeleza mtoto, ndipo aingize hesabu kwenye kompyuta. Bomba linalopoteza joto, mfunga blanketi anayemfuata huliviringishia blanketi la kuzuia joto lisitoke.

Siku hiyo Doña Eligia, mpiga pasi, alisimama mbele ya bomba ambalo wanawake hupashia tamali zao, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani.

"Ukilifunika hili, mwanangu, tutakula chakula baridi kama maiti!"

"Lakini mama, joto linapotea."

"Linapotelea wapi? Hebu onja!"

Mpima joto akapokea tamali, akaonja, akala mpaka jani likabaki tupu, akalamba vidole. Kisha akamgeukia mfunga blanketi. "Hili liache. Joto lake halipotei, linaliwa."